Ganda Refu, Ganda Fupi: Jinsi Risasi za Magnum Zilivyopata Umbo Lake

Weka mezani risasi mbili za kuwindia: .300 Holland & Holland Magnum iliyotoka Uingereza mwaka 1925, na .300 Winchester Short Magnum iliyotoka Marekani mwaka 2001. Hutadhani zilitengenezwa kwa kazi moja. Ile ya Uingereza ni ndefu, ganda lake linapungua unene taratibu kutoka kitakoni hadi shingoni, bega ni mteremko mdogo tu, na juu kidogo ya kitako limezungukwa na mkanda wa shaba. Ile ya Marekani ni fupi na nene, ubavu umenyooka, bega limekatwa ghafla, mkanda hakuna. Ya kwanza ina urefu wa milimita 91, ya pili haifiki 73. Hata hivyo zote zinarusha kichwa cha risasi cha kipenyo kimoja, inchi 0.308, na ile fupi ndiyo inayokipa kasi kubwa zaidi.

Wauzaji wa bunduki husimulia mabadiliko haya kama ushindi wa sayansi juu ya ukale. Sayansi imo, sikatai. Lakini ukifuatilia miaka yenyewe, utaona kwamba urefu wa magnum uliamuliwa kwanza na aina ya baruti, na baada ya hapo na majeshi, ambayo hayakuwa na habari kabisa na nyati wala kongoni.

1884 hadi 1912: baruti ya nyuzi

Mpaka karne ya 19 inaelekea ukingoni, bunduki za tembo zilitumia baruti nyeusi. Kasi ya baruti hiyo ina kikomo, kwa hiyo aliyetaka nguvu zaidi alikuwa na njia moja tu: kupanua mtutu na kuongeza uzito wa kichwa cha risasi. Matokeo yake yalikuwa mabunduki mazito mno, yenye teke la kumwangusha mtu na moshi unaomzuia kuona mnyama ameelekea wapi.

Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyotoa moshi, na ramani nzima ikabadilika. Mwaka 1889 Frederick Abel na James Dewar wakaleta ya Waingereza, cordite, mchanganyiko wa nitrogliserini, pamba ya baruti na vaselini. Umbo lake ndilo linalotuhusu hapa. Cordite haikuwa chembechembe za kumiminwa, ilikuwa nyuzi ndefu kama tambi kavu, zikifungwa kwa mafungu na kusukumwa ndani ya ganda. Fungu la nyuzi hutaka ganda refu lenye mdomo mpana na bega la kuteremka polepole. Bega la ghafla lingekuwa usumbufu mtupu kiwandani.

Tena cordite ilikuwa na tabia ya kubadilika na joto. Risasi iliyofyatuliwa salama kwenye baridi ya London ilipandisha shinikizo kubwa zaidi ikiachwa juani India au Afrika, na ganda likang'ang'ania ndani ya chemba lisitoke. Mafundi wa London walilijibu tatizo hilo kwa njia mbili. Waliyafanya maganda yawe na nafasi kubwa ili shinikizo libaki chini, na wakayapunguza unene kuelekea mbele ili yachomoke bila kubishana. Mwaka 1898 John Rigby alitoa .450 Nitro Express yenye ganda la karibu milimita 83, na ikawa kielelezo cha bunduki za mitutu miwili kwa miaka mingi.

Mwaka huohuo wa 1898 Mauser wa Ujerumani walikamilisha bunduki ya bolti ambayo mpaka leo inaigwa. Ilibeba risasi kadhaa kwenye magazini na bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya bunduki ya mitutu miwili. Shida ni kwamba maganda ya Kiingereza yalikuwa na ukingo mpana kitakoni, na ukingo hunasa kwenye magazini. Bila ukingo, kitu gani kingelizuia ganda lisizame mno ndani ya chemba? Bega lingeweza, kama lingekuwa bega la maana. Kwa cordite halikuwa.

Jibu la Holland & Holland lilikuwa mkanda. Walianza nao mwaka 1905 kwenye risasi yao ya .400/375, kisha mwaka 1912 wakaja na .375 H&H Magnum: ganda la milimita 72, kichwa cha gramu 19, kasi inayozidi mita 750 kwa sekunde. Mkanda ulisimama badala ya ukingo na ukapita magazinini bila kunasa. Haukuongeza nguvu hata kidogo. Ndiyo maana inashangaza kwamba kwa nusu karne iliyofuata wateja wa Marekani waliamini kuwa mkanda ndio alama ya nguvu, na viwanda vikauweka hata kwenye maganda yenye mabega makali ambayo hayakuuhitaji.

Gharama ya urefu huo ilionekana mara moja. Ndani ya Mauser ya kawaida, risasi ya milimita 91 haikuingia. Ilibidi kiwanda cha Oberndorf kitengeneze resiva ndefu zaidi, yaani kile chuma cha katikati kinachoshika mtutu na ambamo bolti huenda na kurudi. Mwenye fedha alilipa.

Washindani wa Holland walipita njia isiyo na mkanda. W. J. Jeffery alikuwa na .404 yake tangu karibu mwaka 1905, Rigby akatoa .416 mwaka 1911. Hiyo .404 ilifahamika sana kwetu: idara za wanyamapori za Tanganyika, Kenya na Uganda ziliwapa askari wao bunduki hizo kwa kazi ya kulinda mashamba dhidi ya tembo. Ganda lake nene lisilo na mkanda litarudi katika habari hii baada ya miaka tisini, likiwa limefupishwa na kupewa jina jipya.

1925 hadi 1945: magnum yahamia Marekani

Holland & Holland walipotoa .300 yao mwaka 1925, waliitengeneza kwa ganda lilelile la .375 lililobanwa shingo. Wamarekani waliipokea kwa heshima na kwa mashaka, maana bunduki zake zilikuwa ghali. Mwaka 1935 Ben Comfort alishinda Kombe la Wimbledon pale Camp Perry, Ohio, kwa shabaha ya yadi 1,000, akitumia .300 H&H. Walenga shabaha wakaanza kuiulizia. Winchester walipoanza kuuza bunduki ya Model 70, wakaweka .300 na .375 za Holland kwenye orodha. Resiva ya Model 70 ilikuwa ya urefu mmoja tu, kwa hiyo kwa risasi hizo ndefu waliichonga ndani ili kupata nafasi. Mwenye kuzitazama leo anaona wazi chuma kilivyoliwa mbele na nyuma ya tundu la magazini.

Katika miaka ya vita, Roy Weatherby wa California alichukua ganda la Holland akalipanua: ubavu ukanyooka, bega likawa la duara, baruti ya chembe ikajaa kwenye nafasi ambayo nyuzi za cordite zisingeweza kuijaza. .300 Weatherby ya mwaka 1944 ilikuwa ndefu kama mama yake. Lakini kwa .257, .270 na 7 mm alilikata ganda hadi karibu milimita 65, ili liingie kwenye resiva za kawaida zilizojaa madukani. Kwa maoni yangu hapo ndipo magnum fupi ilipozaliwa, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

1956 hadi 1963: kipimo cha jeshi

Resiva "ya kawaida" ya Marekani ilikuwa na asili moja. Mwaka 1906 jeshi la Marekani lilichagua risasi ya .30-06, yenye urefu wa milimita 84.8, na viwanda vyote vikajipanga kwa kipimo hicho. Bunduki zilizobaki baada ya vita mbili kuu ziliuzwa kwa raia kwa bei ndogo, na mafundi walizigeuza kuwa za kuwindia. Mwenye kutaka kuuza magnum kwa watu wengi alipaswa kuibana ndani ya milimita hizo 84.8.

Winchester walifanya hivyo mwaka 1956 kwa .458 Winchester Magnum. Soko walilolilenga lilikuwa Afrika: risasi kubwa za Kiingereza zilikuwa zikiadimika na bunduki za mitutu miwili zilikuwa ghali, wakati Model 70 ilikuwa ndani ya uwezo wa mwindaji bingwa wa kawaida. Walilifupisha ganda la Holland hadi milimita 63.5, wakaahidi kichwa cha gramu 32 kitakachokwenda mita 655 kwa sekunde, karibu sawa na .470 Nitro Express.

Hapa ndipo ufupi ulipodai malipo yake kwa mara ya kwanza, na ulidai kwa damu. Ili kupata kasi hiyo katika ganda dogo, baruti ilibidi ishindiliwe sana. Risasi zilizokaa muda mrefu kwenye joto zilikuwa na baruti iliyogandamana, isiyowaka sawasawa, na kichwa kilitoka kivivu kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Mwindaji aliyekabiliana na nyati aliyejeruhiwa hakuwa na namna ya kujua ni risasi ipi itakayomsaliti. Mwaka 1959, huko Msumbiji, Mmarekani Jack Lott alishambuliwa na nyati, akapona akiwa na majeraha. Alirudi nyumbani akiwa na nia ya kupata risasi bora, na hatimaye, mwaka 1971, akaitoa .458 Lott. Alifanya nini hasa? Alirudisha ganda kwenye urefu wa karibu milimita 71, yaani karibu na urefu ambao Holland walikuwa nao tangu mwanzo. Baadaye baruti bora ziliiponya .458 Winchester, na risasi za leo zinaaminika. Sifa mbaya, hata hivyo, haikufutika haraka.

Kwa wanyama wadogo zaidi, ukataji huohuo ulifanikiwa bila madhara. .338 Winchester ilitoka mwaka 1958. Mwaka 1962 Remington walitoa 7 mm Remington Magnum pamoja na bunduki yao ya Model 700, nyuma yake kukiwa na ushawishi wa Les Bowman, mwongozaji wa wawindaji kule Wyoming. Mwaka 1963 ikaja .300 Winchester Magnum yenye ganda la milimita 66.5. Wakosoaji waliisema shingo yake kuwa fupi mno kukishika kichwa imara. Ikawashinda wote, na baadaye hata wadunguzi wa jeshi la Marekani waliitumia. Hizi ndizo tunazoziita leo magnum za jadi. Wakati zinatoka, zilikuwa ndizo fupi.

1965 hadi 1971: Remington wanawahi mno

Mwaka 1952 Winchester walikuwa wameleta .308, ndugu wa risasi ya 7.62 ambayo NATO ingeichukua miaka miwili baadaye. Baruti mpya ziliwezesha ganda dogo kukaribia kazi ya .30-06, na urefu wote ukashuka hadi milimita 71. Jeshi likawa limeleta kipimo cha pili, na viwanda vikaanza kuchonga resiva fupi.

Remington walijaribu kutia magnum humo. .350 Remington Magnum ilitoka mwaka 1965 na 6.5 Remington Magnum mwaka uliofuata, zote zikiwa na ganda la milimita 55 na mkanda, ndani ya bunduki nyepesi ya Model 600 yenye mtutu wa sentimita 47. Wazo lilikuwa zuri kwa mwindaji wa vichakani. Lakini baruti nyingi ndani ya mtutu mfupi haipati muda wa kuungua yote: inatoka kama mwali na kishindo, kasi ikibaki chini ya matarajio, na bunduki nyepesi inapiga teke kali begani. Vichwa virefu vilibidi vizamishwe ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Model 600 iliachwa mwaka 1968, na ndugu yake, Model 660, haikupita mwaka 1971.

1975 hadi 2001: funzo la walenga shabaha

Ushahidi kwamba ganda fupi na nene lina faida yake mwenyewe ulitoka mbali na wawindaji. Mwaka 1975 Dk. Louis Palmisano, daktari wa upasuaji, na Ferris Pindell, fundi wa vyuma, walichukua ganda dogo la .220 Russian na kuunda PPC. Lilikuwa nono kwa urefu wake, na bega lake lilikuwa kali. Katika mashindano ya kulenga kutoka mezani, ambako tofauti kati ya mshindi na wa pili ni unene wa ukucha, PPC ilitawala. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba moto wa fataki huifikia sehemu kubwa ya baruti kwa pamoja ikiwa baruti imekaa kwenye nguzo fupi na pana, kwa hiyo mwako unafanana kutoka risasi hadi risasi. Kiasi gani cha mafanikio hayo kilitoka kwenye umbo, na kiasi gani kwenye mitutu bora na mikono ya watu makini, ni ubishi usiokwisha. Mimi naamini umbo lina mchango, lakini ni mdogo kuliko unavyotangazwa.

Miongoni mwa walioshika wazo hilo kwa risasi za kuwindia alikuwa mwandishi wa bunduki Rick Jamison, aliyepata hataza za maganda mafupi ya magnum. Hataza hizo baadaye zilizua kesi dhidi ya watengenezaji. Mwaka 1999 Remington walikuwa wameshaonyesha njia nyingine kwa .300 Ultra Mag yao, ndefu, bila mkanda, iliyotokana na ile .404 Jeffery ya askari wetu wa wanyamapori. Kilichobaki kilikuwa ni kulifupisha ganda la aina hiyo.

2001 hadi 2006: miaka ya pupa

.300 WSM, yaani ile Winchester Short Magnum, ilipoingia sokoni mwaka 2001, ahadi yake ilieleweka kwa sentensi moja: nguvu za .300 Winchester Magnum ndani ya resiva ya .308. Na ilitimiza. Kichwa cha gramu 11.7 kilitoka kwa takriban mita 905 kwa sekunde, sawa na mkubwa wake, kwa baruti iliyopungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Baruti ikipungua, teke nalo linapungua, na mpigaji huliona begani.

Lakini hesabu inataka kukamilishwa. WSM imeruhusiwa shinikizo la paundi 65,000 kwa inchi ya mraba, .300 Winchester 64,000, kwa hiyo sehemu ya muujiza ni kusukuma zaidi. Resiva fupi huokoa takriban nusu inchi ya urefu na gramu mia hivi za uzito, kitu anachokishukuru mwenye kupanda milima ya Montana na ambacho mwenye kuwinda kutoka kwenye gari hakijui. Ganda nene huchukua nafasi magazinini, na bunduki nyingi hazikubeba zaidi ya tatu. Bega kali nalo halitelezi kuingia chembani kama ule mteremko wa Holland. Ukiisukuma bolti ya .375 polepole unahisi risasi inajiongoza yenyewe. Ukifanya hivyo kwa baadhi ya bunduki za WSM za mwanzo, unahisi bega likigonga ukingo wa chemba kabla ya kuingia. Kwa paa wa mlimani hilo ni usumbufu. Kwa nyati anayekuja mbio ni jambo la kufa na kupona.

Viwanda havikusubiri kujua soko linataka nini. Zikafuata .270 WSM na 7 mm WSM. Remington wakajibu kwa SAUM zao mbili, fupi zaidi. Mwaka 2003 Winchester wakaleta familia nyingine, WSSM, fupi kupita zote. Mwaka 2005 ikaja .325 WSM. Duka moja lingehitaji rafu nzima kwa risasi zilizofanana kazi. Machi 2006 kiwanda cha New Haven, kilichokuwa kikitengeneza Model 70, kilifungwa. Sababu za kufungwa zilikuwa nyingi, lakini risasi hizo zilipoteza mzazi wao katika utoto. WSSM zilififia, SAUM zikabaki kwa wachache wanaojijazia risasi wenyewe, na .300 na .270 WSM zikaendelea kuishi.

Baada ya 2006: kichwa cha risasi chachukua usukani

Mwaka 2007 Ruger na Hornady walitoa .375 Ruger: bila mkanda, ganda lote limefanywa nene kama mkanda wa Holland ulivyokuwa, na kazi sawa na .375 ya mwaka 1912 au zaidi kidogo, ndani ya resiva ya .30-06. Kiufundi ni risasi bora, na nasema hivyo bila kusita. Lakini Tanzania, ambako sheria inaitaka .375 iwe kiwango cha chini kwa tembo na nyati, .375 H&H ndiyo inayoonekana zaidi mikononi mwa wawindaji mabingwa na wageni wao. Mashirika ya ndege kwa kawaida humruhusu abiria kilo tano tu za risasi, na mizigo hupotea. Mgeni aliyefika Arusha bila boksi lake ana nafasi nzuri ya kukopeshwa risasi za .375 H&H kambini. Akiwa na .325 WSM, atabaki na bunduki ya kuegemea.

Wakati huohuo, swali lenyewe lilikuwa likibadilika. Vipimo vya umbali kwa leza vilikuwa vimeshaingia mikononi mwa raia, na wapigaji wakaanza kujali jinsi kichwa kinavyoihifadhi kasi yake hewani kuliko kasi ya kutokea mtutuni. Kichwa cha namna hiyo ni kirefu na chembamba, na urefu wake unahitaji mahali pa kukaa. Tatizo lililoiua .350 Remington likarudi kwa WSM: resiva ya milimita 71 inalazimisha kichwa kirefu kizame ndani ya ganda. 6.5 PRC ya mwaka 2018 na 6.8 Western ya mwaka 2021 zilikwepa kwa kurefusha risasi nzima hadi milimita 75 na kusokota mitutu kwa kasi zaidi, hatua ambayo iliwalazimu watengenezaji wa bunduki kutafuta magazini ndefu kuliko za .308. Kisha mwaka 2022 Hornady wakatoa 7 mm PRC, magnum mpya kabisa, isiyo na mkanda, yenye bega kali la kisasa na nafasi ya kutosha kwa vichwa virefu. Urefu wake wote ni milimita 84.8, kipimo kilekile ambacho jeshi la Marekani lilikiweka mwaka 1906.